Kimeng'enya hakifi, maana hakikuwahi kuishi

Wanafunzi wengi huandika kwenye mtihani wa biolojia: "Joto kali huua vimeng'enya." Kimeng'enya ni protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia ndani ya viumbe, kama kuvunjwa kwa chakula; si kiumbe, hakili wala hakizaliani, kitakufaje? Kinachoharibika ni umbo lake. Ni mnyororo wa asidi amino uliokunjwa ukaacha kishimo, na kinachovunjwa huingia humo kama ufunguo kwenye kufuli. Joto likizidi mikunjo hufumuka, kama ute wa yai unavyoganda ukawa mweupe kikaangoni, na haurudi tena. Wapishi wanalijua hili bila maabara: nyama ngumu ikipakwa papai bichi lililopondwa hulainika, kazi ya papaini, kimeng'enya kilichomo kwenye papai. Lichemshe sana papai hilo kwanza, nyama itabaki vilevile. Baridi ya friji hupunguza tu kasi ya kimeng'enya.