Safari ya Misheni ya Muda Mfupi: Maana Yake

Safari ya misheni ya muda mfupi ni safari ambayo kanisa huwatuma baadhi ya waumini wake, mara nyingi vijana, kwenda kuhudumu pamoja na kanisa la mahali pengine kwa siku chache au majuma machache, kisha wakarejea na kutoa taarifa kwa waliowatuma. Neno lenye uzito katika maelezo hayo ni kutuma. Misheni ina asili ya Kilatini, na maana yake ya kwanza ni hiyo hiyo: mmisionari ni mtu aliyetumwa.

Hapa Dar es Salaam neno hilo limepanuka. Kwa wazee, misheni ni mahali, yaani kituo chenye kanisa, shule na zahanati, kama kile ambacho Mapadre wa Roho Mtakatifu walikianzisha Bagamoyo mwaka 1868. Hata Kariakoo tunayo Misheni Kota. Kwa vijana wa mtaani, mishemishe ni mihangaiko ya kutafuta riziki. Kwa hiyo kijana anaposema kwamba anakwenda misheni, ni vyema aeleze ametumwa na nani, kwa nani, na kufanya nini.

Wamisionari wa zamani walikuja kukaa, na makaburi yao yapo Bagamoyo hadi leo. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huo huo akamzika mke wake pamoja na mtoto wao mchanga, lakini aliendelea na kazi na kujifunza lugha hadi akachapisha sarufi ya Kiswahili mwaka 1850. Safari fupi ni jambo la karibuni zaidi. Mwaka 1957 George Verwer na wanafunzi wenzake wawili walitoka Marekani wakati wa likizo, wakaenda Meksiko kugawa maandiko ya Injili, na baada ya usafiri wa ndege kuenea, makanisa mengi yaliufuata mtindo huo.

Sharika zetu zimezoea kupokea wageni wa namna hiyo. Siku hizi zinaweza pia kutuma, na hapo ndipo maana ya dhana hii inapopimwa. Tuchukue mfano wa vijana 12 wa usharika mmoja wa Temeke wanaotaka kuvuka mpaka wa Tunduma kwenda kuhudumu Zambia kwa siku 10. Mambo ya hati yanaeleweka: pasipoti, barua ya kanisa, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano pale kinapotakiwa, ambacho huanza kutumika siku 10 baada ya kuchanjwa. Swali zito zaidi ni kama kanisa la huko limewaalika, na limewaalika kwa kazi gani. Kama hakuna aliyewaalika, safari hiyo ni ziara, na ziara si jambo baya, ila iitwe ziara, hasa pale fedha zake zinapochangishwa ibadani kutoka kwa mama anayeuza vitumbua alfajiri ili atoe sadaka yake.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku 10 zinatosha kushika jembe, lakini hazitoshi kuwafundisha wenye shamba kulima. Kwa maoni yangu, hapa ndipo vikundi vingi hukosea: vijana ambao hawajawahi kupanga tofali hupewa ukuta waujenge, ilhali mafundi wa kijiji wamekaa bila kazi, au huingizwa katika kituo cha watoto yatima, wakapendwa, wakapiga picha, kisha wakaondoka, na mtoto akabaki akiuliza waliko. Mtoto aliyekwisha kuachwa mara moja hastahili kuachwa tena kila likizo. Kazi inayofaa muda mfupi ni ile ambayo mwenyeji ataiendeleza mwenyewe: kuimba na kwaya yake, kufuatana na mwinjilisti wake nyumba kwa nyumba, kusaidia kambi ya vijana aliyoipanga yeye, au kumsaidia fundi wake kusomba maji na mchanga.

Mfano wa jambo hili umo katika Luka sura ya 10, pale Yesu anapowatuma wanafunzi wawili wawili, akiwaagiza wakae katika nyumba iliyowapokea, wasihamehame, na wale kinachowekwa mbele yao. Aliyetumwa anaingia kama mgeni wa watu wenye nyumba. Ndiyo maana kijana anayekwenda kwa Wabemba wa Zambia afike akijua angalau salamu za Kibemba, asikilize kabla ya kuhubiri, na aombe ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha.

Safari haikamiliki stendi ya Magufuli basi linaporudi. Matendo 14 inaeleza kwamba Paulo na Barnaba walirejea Antiokia, walikowekewa mikono na kutumwa, wakalikusanya kanisa na kusimulia yaliyotendeka. Vivyo hivyo, Jumapili baada ya kurejea, vijana wasimame mbele ya usharika wakiwa na hesabu ya kila shilingi iliyochangwa, na barua ya kanisa lililowapokea isomwe kwa sauti, ikiwa ni pamoja na sehemu inayotaja walipokosea.