Maana ya utani wa "pai ni tatu" kwa wanafunzi wa uhandisi

"Pai ni tatu" ni utani unaojulikana kwa wanafunzi wa uhandisi wa nchi nyingi. Ndani yake mhandisi anaandika kwamba pai (uwiano wa mzingo wa duara na kipenyo chake, karibu 3.14) ni 3, kwamba namba e (namba maarufu ya hisabati, karibu 2.72) nayo ni 3, kwamba mchapuko wa mvutano wa dunia (karibu 9.81) ni 10, kisha anazidisha jibu lote kwa mbili kwa ajili ya usalama. Anayetaniwa ni mhandisi, lakini anayecheka kuliko wote ni mwanafunzi wa fani hiyo hiyo.

Anacheka kwa sababu ya machovu. Amekesha na kalkulasi, amepoteza alama kwa kusahau alama moja ya kutoa, na pengine likizo yake imeishia kwenye sapu, yaani mtihani wa marudio, ya somo hilo. Halafu anaingia kwenye somo la usanifu na kuelezwa kwamba kila kifaa hupewa akiba ya nguvu inayofunika kabisa zile desimali zilizomkosesha usingizi. Kamba za lifti ya abiria, kwa mfano, kwa kawaida huwekwa zenye uwezo wa kubeba mara saba au zaidi ya mzigo utakaoning'inia juu yake. Utani humpa nafasi ya kuisema tofauti hiyo mbele ya wenzake walioteseka kama yeye, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi yake kubwa.

Hata hivyo, utani huu umebeba elimu ya kweli. Kuandika 10 badala ya 9.81 huleta kosa lisilofika asilimia 2, tena kosa linaloongeza uzito kwenye hesabu ya boriti, kwa hiyo boriti hutoka imara zaidi. Vivyo hivyo, sini ya pembe ndogo (uwiano unaotumika katika hesabu za pembetatu) hulingana karibu kabisa na pembe yenyewe ikipimwa kwa radiani, kipimo cha pembe kinachotumika badala ya nyuzi: kwa nyuzi 10 tofauti ni kama nusu ya asilimia. Hata ule utani mwingine, kwamba mvutano ni kipeo cha pili cha pai, yaani 9.87, una asili yake, kwani katika karne ya 17 wapo wataalamu waliopendekeza kipimo cha urefu kiwe urefu wa pendulumu (uzito unaobembea kwenye uzi) inayochukua sekunde moja kwenda upande mmoja, na kwa kipimo hicho usawa huo ungekuwa kamili.

Palipo na hatari ni kwenye pai yenyewe. Kuiita 3 hupunguza jibu kwa karibu asilimia 4.5, na upungufu haufanani na ziada. Ukikadiria zege la nguzo ya duara yenye nusu kipenyo cha mita 1 na kimo cha mita 3, utaagiza mita za ujazo 9 wakati zinahitajika 9.42, na umwagaji utakwama karibu sentimita 14 kabla ya kufika juu.