Kusimba data na kulinda faragha ni vitu viwili, jamani

Juzi tena. Mtu na cheo chake na slaidi zake nzuri anatwambia suala la faragha ya wananchi "tumeshalimaliza" kwa sababu kanzidata nzima imesimbwa, yaani imegeuzwa isisomeke bila ufunguo, kwa njia ya usimbaji iitwayo AES-256, na seva zinalindwa masaa 24. Watu wakapiga makofi. Mi kazi yangu ni kujenga hii mifumo ya utambulisho wa taifa, na hiyo kauli nimeisikia mpaka naweza kummalizia msemaji, kwahiyo naandika hapa mara moja ili siku nyingine nitume linki tu niendelee na shughuli zangu.

Usimbaji unamzuia mwizi. Akiiba diski anakuta takataka, safi kabisa, na asiyesimba ni mzembe, hilo hata tusilijadili. Ila faragha inamhusu zaidi yule mwenye ufunguo, yule anayeingia na password halali saa tatu asubuhi, kitambulisho cha kazi kikining'inia shingoni. Kwake yeye hakuna kilichosimbwa. Uholanzi walikuwa na rejista ya watu iliyotunzwa vizuri mno, dini ya mtu imo, na Wajerumani walipoivamia nchi 1940 waliikuta iko tayari kwa matumizi. Rwanda kabila liliandikwa kwenye kitambulisho chenyewe, 1994 pale kwenye vizuizi vya barabarani nani alihitaji kudukua kitu? Kwahiyo kabla hujaniambia data imefungwaje niambie kwanza iliingia humo kutafuta nini.

Haya, hilo la kupunguza data ukimpa mtu dakika tano analielewa. Kinachonichosha mimi ni logi, zile kumbukumbu ambazo seva hujiandikia kila kitu kinapotokea.

Watu wanadhani data nyeti ni picha na alama za vidole, yaliyobaki ni "metadata tu". Ngoja tuangalie hiyo "tu". Kila ukihakikiwa, yaani taasisi ikitaka kujua kama kweli wewe ndiye, mashine inatuma ombi kituo kikuu, kituo kinajibu ndiyo au hapana, na kwenye seva unabaki mstari mmoja: namba yako, tarehe na saa, namba ya mashine, taasisi iliyouliza, jibu. Basi. Jina halimo, kidole hakimo, ugonjwa haumo. Sasa chukua mistari ya mtu mmoja ya mwaka mzima uisome kwa mfululizo. Mashine ileile ya kliniki, wiki ya kwanza ya kila mwezi, asubuhi. Ukishajua kliniki ile inatoa dawa gani, umemmaliza. Halafu kliniki inakatika ghafla, inakuja laini mpya ya simu, siku mbili baadaye anahakikiwa kwenye mji mwingine kabisa. Huyu kamkimbia mume, au deni, au chama. Hujafungua faili lake hata moja na tayari unajua kitu ambacho hata ndugu zake hawakijui.

Hapo lazima mtu adakie: "lakini sisi tunajibu ndiyo au hapana tu, hatutoi taarifa". Sawa, aliyeuliza hakupewa taarifa. Kituo kikuu je? Chenyewe kimejua uko wapi, unahudumiwa na nani, saa ngapi. Umelinda upande mmoja wa waya, ule mwingine umeuacha wazi, halafu slaidi inasema mwananchi ndiye kitovu cha mfumo. Kweli yuko katikati, kama shabaha.

India hili lilifika mahakamani. Kanuni za Aadhaar, mfumo wao wa namba ya utambulisho, ziliruhusu kumbukumbu za uhakiki zihifadhiwe miaka 5, Mahakama ya Juu 2018 ikasema zisizidi miezi 6, na ikawafungia kampuni binafsi ule mlango wa kifungu cha 57 cha sheria ya Aadhaar waliokuwa wakiutumia kudai uhakiki. Mfumo wenyewe ikauacha uendelee. Miaka 5 kushuka mpaka miezi 6, kwa kitu ambacho mafundi wengi wanakiita takataka za seva!

Sasa ugumu unaanzia hapa, maana logi nazihitaji mimi mwenyewe. Bila logi yule afisa anayechungulia faili la mtalaka wake sitamkamata milele. Estonia mwananchi anaingia mwenyewe anaona taasisi ipi imefungua taarifa zake, na kwangu mimi huko ndiko kumjali mwananchi, hizi habari za rangi za app mniache. Lakini logi inayomlinda ndiyo hiyohiyo ramani ya maisha yake. Itunzwe muda gani? Kila mradi nabishana na watu wa ukaguzi na sijawahi kutoka kikaoni nikiwa na uhakika kwamba mimi ndiye niko sahihi. Napenda igawanywe, taasisi itunze ya kwake, kituo kikuu kibaki na ushahidi usiosomeka peke yake, mwananchi aone zote. Kwenye mchoro inapendeza. Huko kwenyewe kuna taasisi hata bakapu hazina.

La namba moja kutumika kila mahali nalipitia haraka. Austria kila sekta inapata namba yake, inazalishwa kutoka namba mama kwa hesabu isiyorudi nyuma, kwahiyo watu wa kodi na watu wa afya hawawezi kulinganisha majedwali kwa namba tu. Mafundi wakisikia wanalalamika "tutaunganishaje sasa?", ndugu zangu, hayo ndiyo makusudi yake. Ila tusidanganyane, jina na tarehe ya kuzaliwa na namba ya simu vinatosha kuunganisha rekodi nyingi sana, kwahiyo unachofanya ni kumpandishia gharama anayechunguza.

Ridhaa? Mtu anaambiwa weka kidole la sivyo posho huipati, unaniita nione kitufe cha "nakubali". Hapo inatakiwa sheria, na ifuatwe kabla ya uzinduzi. Kenya 2021 Mahakama Kuu ilibatilisha utoaji wa kadi za Huduma, vile vitambulisho vipya vya kidijitali, kwa sababu tathmini ya athari kwa data binafsi haikutangulia, wala hakuna mdukuzi aliyehusika.

Siku hizi wauzaji wanakuja na pochi ya kidijitali, cheti kimesainiwa kiko kwenye simu yako, anayeuliza umri anaoneshwa "zaidi ya miaka 18" na kituo kikuu hakijui chochote. Naipenda kweli. Ila simu ikiibiwa cheti kinafutwaje? Kama kila anayehakiki anapiga hodi kituo kikuu kuuliza cheti kama bado kiko hai, tumerudi kwenye logi ileile. Unaweza kupakua orodha ya vilivyofutwa kwa mkupuo, mwizi atapata saa kadhaa za kujinafasi, au ukatoa vyeti vya muda mfupi ukamtesa asiye na intaneti. Asiye na simu kabisa bado anataka kadi inayosomeka bila mtandao, na huyo kwenye maonyesho ya wauzaji huwa simwoni.

Kwahiyo nikipewa zabuni niikague, ukurasa wa AES nauruka. Natafuta palipoandikwa logi: zinakaa kwa nani, muda gani, nani anazisoma. Mara nyingi nakuta mstari mmoja tu, "kumbukumbu zitatunzwa kwa mujibu wa taratibu", na hizo taratibu ukiziuliza bado hazijaandikwa.