Boom Likiingia: Tunayoambiana Hosteli na Hesabu Zenyewe

Siku boom, yaani hela ya chakula na malazi ya wanafunzi wa chuo, linapoingia huhitaji kuulizia. Foleni ya kwa wakala wa pesa inafika barabarani, chipsi kuku zinaisha saa moja jioni, na korido la hosteli linanukia viatu vipya. Chumbani kwetu tuko wanne, na ubishi wa kununua hauishi. Haya ndiyo nisikiayo zaidi. Mengine niliyasema mwenyewe.

"Boom ni hela ya serikali, haina mwenyewe."

Mwenyewe ni wewe, siku ukiajiriwa. Hela ya chakula na malazi ni mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu Tanzania, sawasawa na ada, na mwajiri hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi hadi deni liishe. Raba za mwaka wa kwanza utazilipia zikiwa zimeshatupwa.

"Simu ya mkopo ni nafuu, buku jero tu kwa siku."

Hapa tulitoa kikokotoo. Mwenzetu alitanguliza 60,000, kisha 1,500 kila siku kwa mwaka mzima. Mara 365 ni 547,500. Jumla 607,500, kwa simu ambayo duka la jirani lilikuwa likiiuza 380,000 taslimu. Wakati wa mitihani alichelewa siku mbili, ikajifunga, na noti zake zote zilikuwa humo. Tulimcheka, halafu kicheko kikakatika. Simwiti mjinga: asiye na 380,000 mkononi hana pa kuchagulia, na matangazo ya darasa siku hizi yako WhatsApp. Ila kuiita nafuu, hapana.

"Nguo ikiwa bei chee, mjanja ni mnunuzi."

Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza, karibu na Dhaka, Bangladesh, liliporomoka na kuua watu 1,134, wengi wao washonaji wa nguo za kwenda Ulaya na Marekani. Nyufa zilionekana siku moja kabla. Benki iliyokuwa humo ikafunga. Washonaji wakaamriwa warudi kwenye cherehani.

"Sisi tunavaa mitumba, hayo hayatuhusu."

Hii ndiyo ilitugawa chumba. Ni kweli mtumba huongezea nguo maisha, na soko la Karume, Dar es Salaam, limesomesha watoto wengi. Lakini robota likifunguliwa, geuza lebo ya blauzi uliyoigombea: si ajabu ukasoma Bangladesh, na pengine karatasi ya bei bado inaning'inia. Aliyeinunua mwanzo hakuivaa. Kuzuia mitumba nako kuna gharama yake. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa mitumba kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo. Mwaka 2018 Marekani ikaziondolea nguo za Rwanda unafuu wa AGOA, mpango wa kuingiza bidhaa za Afrika Marekani bila ushuru.

Jumamosi hii siendi Karume. Nina suruali ya kupunguza kiuno, na fundi wa pale getini anachukua buku mbili.