Foleni isiyo na ajali wala askari
Tukikwama kwenye foleni, wengi huamini mbele kuna ajali, gari bovu au askari. Si lazima. Katika jaribio la Japani lililochapishwa mwaka 2008, magari 22 yalizunguka duara la mita 230 bila kizuizi chochote, madereva wakilenga kilomita 30 kwa saa. Punde baadhi yakasimama kabisa, na foleni ikawa inarudi nyuma kama wimbi.

Chanzo ni kuchelewa kujibu. Wa mbele akipunguza mwendo, unakanyaga breki umeshachelewa, hivyo unaikanyaga zaidi; wa nyuma yako zaidi tena. Modeli ya kihesabu ya watafiti Chandler, Herman na Montroll (1958) inasema hivi: zidisha muda wa kuchelewa kwa ukali wa kujibu (yaani dereva anabadili mwendo kwa nguvu kiasi gani akiona tofauti ya mwendo na wa mbele), jibu likizidi nusu, mtikisiko mdogo hukua gari hadi gari. Aliyeuanzisha haioni foleni yake, maana huundwa nyuma yake.