Stendi ya Tangi Dogo la Samaki: Tunayodhani na Yaliyo Kweli

"Tangi lenyewe dogo, meza yoyote italibeba."

Hii ndiyo dhana ninayoisikia zaidi, na ndiyo inayolowesha sakafu za watu. Chukua tangi la urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 36. Ukizidisha unapata karibu lita 65, na lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Ongeza kioo, changarawe na mawe, unavuka kilo 80. Huyo ni mtu mzima amesimama juu ya meza yako usiku na mchana, miezi nenda rudi. Mbao inayovumilia uzito huo kwa saa moja inaweza kupinda taratibu ukikaa juu yake mwaka mzima, ndiyo maana rafu za vitabu hubonyea katikati.

"Ikishabeba uzito, imetosha."

Hapa ndipo ningependa tukae kidogo. Stendi nyingi za nyumbani hazipondeki kwa uzito, zinalala ubavu. Miguu minne iliyofungwa kwa skrubu juu na chini ni umbo la mstatili, na mstatili husukumika ukawa mshazari. Pembetatu haisukumiki hivyo. Kabla hujaweka tangi, shika stendi kwa juu, isukume kulia na kushoto. Ikicheza hata kidogo ikiwa tupu, itacheza zaidi ikiwa na maji, kwa sababu maji nayo huanza kuyumba na kusukuma upande uleule.

Dawa yake ni rahisi: kipande cha plaiwudi kinachofunika mgongo wote wa stendi na kufanya kazi ya pembetatu hiyo, kitiwe gundi na skrubu kuzunguka kingo. Utashangaa jinsi kitu kilichokuwa kikitetemeka kinavyotulia ghafla. Angalia pia njia ya uzito. Mbao ya juu ikae moja kwa moja juu ya mguu, mbao kwa mbao, na kazi ya skrubu iwe kuzishikilia zisiachane. Usiziachie skrubu peke yake zining'inize mzigo wote.

"Sponji chini ya tangi inasawazisha kila kitu."

Sponji husaidia tangi ambalo kioo chake cha chini kinakaa moja kwa moja juu ya mbao: inameza chembe ya mchanga au kijinundu. Mteremko haiondoi. Na tangi lenye fremu ya plastiki chini limeundwa likae juu ya fremu hiyo, kwa hiyo sponji laini inaweza kukisukuma kioo juu pasipotakiwa. Fuata maelekezo ya mtengenezaji.

Sakafu ikiwa na mteremko, weka kabari chini ya miguu ya stendi, kamwe si chini ya pembe ya tangi. Pembe moja ikiinuliwa, kioo hujipinda na silikoni, ile gundi ya maungio ya vioo, ndiyo inayolipa.

"Macho yanatosha kujua kama imenyooka."

Hayatoshi. Tumia pima maji, kile kifaa cha mafundi chenye kiputo, kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari. Kisha tia maji hadi nusu, usimame mbele, na upime kwa rula kutoka uso wa maji hadi ukingo wa juu katika pembe zote nne. Maji hayadanganyi. Tofauti ikionekana, yatoe kwanza ndipo urekebishe, maana kuinua au kusukuma tangi lenye maji ni njia ya haraka ya kulipasua. Namba zikilingana, jaza, uliache siku nzima kabla ya kuleta samaki.

"Mbao ikipakwa rangi, maji hayaiwezi."

Stendi yangu ya kwanza ilikuwa ya unga wa mbao ulioshindiliwa, imepakwa vizuri usoni. Ukingo wa chini, ambao hakuna aliyeuona wala kuupaka, ulikunywa matone ya kila siku ya kubadilisha maji hadi ukafura na kuchanuka kama kitabu kilicholoweshwa. Kwa hiyo anza na kingo na matundu ya skrubu, uso uje mwisho.

Na soketi usiilaze sakafuni chini ya tangi. Ifunge juu ubavuni, na waya uning'inie chini yake kwanza kabla ya kupanda, ili tone linaloteremka kwenye waya lidondokee sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme.