Saratani ya titi si moja, wala dawa yake si moja

Wengi wetu Unguja na Pemba huamini kuwa saratani ya titi ni ugonjwa mmoja, hivyo vidonge vilivyomfaa mama wa Wete vitamfaa na shoga yake wa Makunduchi. Tamoksifeni, kidonge cha kutibu saratani ya titi, hugawanwa hivyo, tena kwa nia njema kabisa.

Seli nyingi za saratani ya titi, lakini si zote, zina vipokezi vya homoni. Estrojeni, homoni ya kike, ikijishika hapo, kama ufunguo kwenye kitasa, seli hupata amri ya kuzaliana. Tamoksifeni hukikalia kipokezi na kuizuia estrojeni. Ndiyo maana humezwa kila siku, kwa kawaida miaka 5 hadi 10. Seli isiyo na vipokezi haina cha kuzibwa. Mgonjwa hubaki na madhara, ikiwemo hatari ya damu kuganda, huku muda wa tiba inayomfaa ukipotea. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Kuhakikisha si kazi ngumu. Chukua karatasi ya majibu ya kinyama kilichokatwa, utafute herufi ER (vipokezi vya estrojeni) na PR (vipokezi vya projesteroni, homoni nyingine ya kike): kila moja huandikwa kuwa chanya, yaani vipokezi vipo, au hasi, yaani havipo. Kama hazimo, muulize daktari iwapo kipimo hicho kimefanywa, kabla hujapokea kidonge cha mwenzio.